Mhudumu Aliyekosa Kutukanwa

Miaka thelathini na mbili Mendel Garfinkel aliwabebea supu wachekeshaji wa klabu yetu pale Manhattan, na miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja tu: wamtukane.

Usicheke. Pale klabuni kutukanwa ndiyo heshima. Mtu akipendwa, anaandaliwa karamu ya mchana, anakalishwa meza kuu, halafu rafiki zake wanainuka mmoja mmoja na kumbanika mbele ya watu: kipara chake, ndoa zake, sinema zake zilizokosa watazamaji. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Hawakuwajua hawa. Hawa walichagua, tena kwa wiki tatu, wakijaribiana matusi mezani huku nyama niliyoamka alfajiri kuipika ikipoa mbele yao.

Wao kwa wao walichambana tangu asubuhi. Kwa Mendel ilikuwa tafadhali na asante. Siku moja alirudi jikoni akatupa kitambaa juu ya meza yangu.

"Altagracia, dada yangu, nimemmwagia Rosello supu mapajani. Unajua kaniambia nini?"

"Kakutukana?"

"Kaniambia si neno."

Chick Rosello huyo ulimi wake ulishawahi kumliza bondia wa uzito wa juu.

"Ulimmwagia makusudi?" nikamuuliza.

Akachukua bakuli jingine akatoka.

Basi alipofikia kustaafu, mwenyekiti akamwambia wamemwandalia karamu, meza kuu na yote, na Rosello ndiye atakayesema mwisho. Mendel akanunua suti ya kijivu. Wiki nzima akamfundisha mkewe, Perla, namna ya kuvumilia.

"Watanisema mpaka pua," alimwambia. "Wewe kaa kimya, usimnunie mtu."

"Na wakimgusa mama yako?"

"Hasa mama yangu."

Siku ile niliacha masufuria yangu nikasimama mlangoni. Wa kwanza akainuka, akasema Mendel ni mtu mwaminifu. Wa pili akasema ni mtu mwema. Wa tatu naye akarudia yaleyale. Mendel akawa anatabasamu kwa shida, anamngoja Rosello. Rosello akainuka, akavua miwani.

"Mendel," akasema, "wewe ni nguzo ya nyumba hii. Mungu akubariki."

Akampa saa ya ukutani. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Nilichemka, na mpaka leo nikikumbuka nachemka. Kumtukana mtu vizuri lazima umjue, na wale hawakujua hata kama ana watoto wangapi. Yeye alijua nani amekatazwa chumvi, nani ameachwa na mke na hataki kula peke yake. Wao walichokijua ni mkono unaoshika bakuli. Unamsifu hivyo mtu usiyemjua, tena siku ya kumzika.

Wakamwambia ajibu. Akainuka, akasema, "Asanteni," akakaa. Midomo ilikuwa inamtetemeka, nao wakadhani ni furaha.

Hapo Perla akainuka. Akaenda mpaka kwenye kipaza sauti, mkoba wake kwapani.

"Huyu mnayemwita nguzo," akasema, "anaogopa kuku. Kuku hai. Anawaletea supu ya kuku kila siku ili awe na hakika wamekufa. Usiku wa harusi yetu alisimama kushoto kwangu, kama anavyosimama mezani kwenu, akaniuliza kama nimemaliza. Mama yake aliponiona mara ya kwanza alilia siku mbili. Mimi nilipomjua mwanawe nikalia wiki."

Mabingwa wa matusi wa jiji zima wakaangalia sahani zao, wanaona haya, wanadhani mke na mume wamegombana. Aliyecheka ni mimi peke yangu, hapo mlangoni. Rosello akaniita kwa kidole, nikasogea.

"Mama wa watu amechanganyikiwa," akaninong'oneza. "Mpelekee maji, umkalishe."

Nikajaza glasi, maana ndiyo kazi yangu. Nikapita nyuma ya Mendel. Alikuwa ameinamia meza, mabega yanaruka, nikafikiri analia. Akanishika mkono. Alikuwa anacheka mpaka machozi yamelowesha ile suti mpya.

"Muache, dada," akasema. "Ndiyo kwanza anaanza."