Kuruta Hatembei

Kabla ya kuingia chuo cha polisi alikuwa msichana muuza viatu, mrefu kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Twiga, na mteja akimnunia, naye alinuna mara mbili. Chuoni hapakuwa na Twiga. Palikuwa na kuruta, na kuruta hatembei. Bombani ni mbio, chooni ni mbio, hata kuitwa kula ni mbio.

Asubuhi ile alijisahau. Alivuka uwanja wa gwaride na ndoo ya maji mkononi, mdogo mdogo kama bibi harusi. Huko, kosa la mmoja ni la wote. Platuni nzima iliruka kichura kwa ajili yake mpaka suruali zikachanika magotini. Baadaye hakuna aliyemsemesha, na kimya kile kilimuuma kuliko matusi. Akafungasha begi lake, akaenda kwa sajenti, mama wa makamo aliyewafundisha sheria, kuomba arudi nyumbani.

"Nimechoka kuitwa kuruta, afande. Kama vile sikuzaliwa na mtu."

Sajenti hakumkaripia. Akamwambia kwamba hata yeye enzi zake neno hilo lilimkera, mpaka alipotafuta asili yake. Limetoka kwa Waingereza, kwa maana ya mtu mpya anayeandikishwa jeshini. Wazee wetu wakalipokea kwa masikio yao, wakalilainisha mpaka likakaa vizuri ulimini. Waingereza nao walilichukua kwa Wafaransa, na huko mzizi wake ni kukua tena.

"Kuchipua upya, mwanangu. Shina haliwezi kuchipua kabla halijakatwa, na kukatwa kunauma. Nani kakudanganya hakuumi? Nenda kafikiri. Ukitaka kuondoka, geti halina kinyongo."

Twiga alirudi bwenini taratibu kidogo, kisha akakumbuka, akakimbia. Wenzake walikuwa vitandani wakikanda magoti. Alisimama mlangoni, begi begani.

"Jamani, nisameheni."

Aliyelala kitanda cha juu yake, ambaye ndiye aliyenuna kuliko wote, akageuza shingo.

"Tumekusamehe, dada. Ila ukitembea tena, sisi tutakubeba wenyewe. Kwa machela."

Walicheka, wakishika magoti. Firimbi ikalia nje. Twiga alilitupa begi kitandani, akatoka mbio katikati yao, mkono wa yule aliyenuna ukimsukuma mgongoni.