Mfungo wa Wiki ya Pasaka

Kokwijuka alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya sala kule nje kidogo ya Bugene, na kwa uenyekiti huo hakuwa na mchezo. Usipofika sala ya Jumatano, Alhamisi asubuhi yuko mlangoni kwako anauliza unaumwa nini. Watu walimnung'unikia, lakini walimfuata. Akipiga magoti, wote chini.

Mwaka wa themanini na nane ukimwi ulimchukua mwanajumuiya mwenzao Anastazi, na mkewe Kemirembe akabaki anakohoa. Sala ilizunguka nyumba kwa nyumba, ila kwake ikawa inarukwa kimyakimya. Mara mvua, mara msiba. Padre alipopata habari aliwaka kanisani: nyumba hata moja isirukwe. Kokwijuka aliona haya, maana mpangaji wa zamu alikuwa nani kama si yeye?

Basi, Jumatano ya wiki ya Pasaka akawakusanya wote, akawapeleka kwa Kemirembe. Mjane wa watu alifurahi jamani. Alikuwa ametandaza nyasi mbichi sakafuni na watoto amewaogesha. Waliimba, wakasali rozari, na Kokwijuka akajiona mtii kweli kweli.

Ndipo Kemirembe akaleta kikapu cha kahawa. Huko mgeni hupewa punje zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa. Anachota kwa vidole, anatafuna. Kuzikataa ni kumkataa mwenye nyumba.

Kikapu kilianzia kwa mwenyekiti, kama ilivyo desturi. Macho yote yalikuwa kwenye mkono wake. Padre alishawaeleza kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa chakula, na Kokwijuka alimwelewa vizuri. Lakini kwa hofu akaurudisha mkono.

"Samahani mwanangu, leo nimefunga."

Kikapu kikaenda kwa mzee Polikarpi. Naye amefunga. Dafroza amefunga. Nyumba nzima imefunga, wiki ya Pasaka, watu ambao tangu Jumapili walikuwa wanashindana kula ndizi na nyama! Aibu gani hii? Kemirembe alikipokea kikapu chake kama alivyokitoa, akawasindikiza mpaka barabarani.

Siku zilizofuata chakula kilimshinda Kokwijuka. Jumanne akashindwa kuvumilia, akaenda peke yake, akamkuta Kemirembe anapalilia migomba kwa shida.

"Nimekuja kula kahawa yako," alisema. "Nilisema uongo, mwanangu. Nisamehe."

Kemirembe akanawa mikono, akaleta kikapu. Kokwijuka akachota, akatafuna huku machozi yanamtoka.

"Nimekusamehe, mama. Lakini ungeichukua siku ile, wote wangechukua. Walikuwa wanakuangalia wewe. Leo hapa nani anakuona?"

"Kesho nitawaambia."

"Haya, waambie."

Kesho yake sala ilikuwa kwa Polikarpi. Kemirembe hakwenda. Kokwijuka alisimama, akaungama uongo wake mbele ya wote, akasema kwamba kahawa ya Kemirembe ameila, tena jana tu. Watu wakatazama chini. Dafroza, aliyekuwa amekaa naye mkeka mmoja, akasogea kidogo. Polikarpi akasema wimbo uanze, muda unakwenda.

Walipomaliza, Polikarpi alileta kahawa yake. Safari hii kikapu kilianzia kwa Dafroza. Kikazunguka nyumba nzima, kila mtu akachota, na mwenyekiti akapewa wa mwisho.