Pikapu ya Bluu Mbele ya Mlango

Fundi Sindano, waliyempachika jina hilo kwa wembamba wake, alitengeneza cherehani katikati ya mji kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo aliamka alfajiri. Hakuwa akiwahi kazi, alikuwa akiwahi nafasi. Mbele ya duka lake palichorwa nafasi moja tu ya kuegesha gari, na aliyechelewa aliikosa. Basi alipaki pikapu yake ya bluu, akasinzia kidogo juu ya usukani, kisha akafungua duka. Gari halikuondoka hapo mpaka jioni.

Wateja walizidi kupungua. "Siku hizi watu hawashoni," alimwambia mkewe, na mkewe alikwishachoka kuitikia.

Asubuhi moja mshonaji mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi, aliingia akihema, amekumbatia cherehani iliyofungwa kwa shuka. Alipoifungua, mkono wa chuma wa cherehani ulikuwa umepasuka.

"Imeniponyoka njiani," alisema. "Nimezunguka mara nne natafuta pa kupaki, nikaishia kule nyuma ya benki."

"Pole, dada. Si ungesimama hapa mlangoni tu ukaishusha?"

"Hapa? Kila nikija naikuta pikapu ya bluu. Simjui mwenyewe, ila roho yake ngumu."

Fundi alichukua kitambaa akafuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

"Ni yangu," akasema mwishowe.

Yule mama hakugomba. Alivuta kigoda akakaa. "Basi ndiyo maana wenzangu hawaji tena," alisema.

Chuma kile hakikuwa cha kuungika. Fundi alimpa cherehani nyingine aliyokuwa ameihifadhi stoo, akambebea mwenyewe hadi nyuma ya benki.

Kesho yake aliacha pikapu mbali, karibu na soko, akatembea na goti lake bovu. Alipofika, nafasi ilikuwa imeshikwa na gari jeupe la jirani yake, mwenye duka la dawa.

"Jirani, hapo nimewaachia wateja," alisema.

"Nikitoka mimi ataingia wa duka la simu, kaka. Sasa nitakuwa nimemsaidia nani?"

Hayo ndiyo maneno fundi aliyojiambia mwenyewe miaka yote.

Gari jeupe halikuondoka siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Mwishowe fundi alifunga magurudumu manne chini ya ubao, akawapigia simu wateja wake mmoja mmoja: "Paki popote utakapopata, unipigie, nakufuata." Siku nyingine alifuata cherehani mpaka kituo cha mafuta, akarudi akiisukuma pembeni mwa barabara huku madereva wakimpigia honi.

Wateja watatu wa zamani walirudi.

"Imesaidia?" mkewe alimuuliza jioni moja.

"Kidogo," alijibu, na chakula hakijapoa, alikuwa amelala mezani.