Panya wa Bundi

Mara ya kwanza mama huyo alikuja dukani kwangu, barabara ya Chaussée de Wavre, kukodi basi langu dogo, akavuta bei chini mpaka nikamheshimu. "Papa, hii basi yako ilizeeka kunipita," alisema. Kila msimu wa baridi aliongoza kundi la watazama ndege hadi misitu ya Uswidi, nami niliendesha. Mkono wa kulia hakuuvika glavu, ili vidole visikie skrubu ya darubini. Akishampata ndege kwenye darubini, aliniita mimi dereva kabla ya wateja: "Papa, kuya wewe wa kwanza." Jioni, mezani, aliwasema viongozi wanaomvuta bundi kwa panya wa dukani. "Bale ni babongo," waongo wale, alisema, huku akipasha vidole kwenye kikombe.

Baridi iliyopita kundi lilikuwa na mzee ambaye macho yake yalikuwa yanakufa. Alitaka kumwona bundi mkubwa wa kijivu kabla hayajazima kabisa. Siku ya mwisho bundi alikuwa bado hajatokea. Nikiwa nyuma ya basi, nikamwona kiongozi wetu akifungua koti na kumwachilia panya kwenye theluji. Bundi akashuka bila sauti. Mzee akalia.

Njiani kurudi nikamwambia kiongozi, "Maman, ile panya niliiona. Safari zote zinazokuja ni za basi yangu, kwa bei yangu."

Akatazama vidole vyake. "Bon, papa. Sawa."

Ametimiza neno. Mzee alimpata bundi wake, kiongozi amebaki na jina lake zuri, mimi nina kazi. Siku hizi tukisimama msituni yeye huwaita wateja wote, mmoja mmoja, kisha hukunja miguu ya darubini.