Tanuu la Bi Kazija lapata mkono mwingine

Jua limeshapanda juu ya minazi ya Kidichi, na Bi Kazija binti Jecha amekaa juu ya kigoda, amelipa mgongo tanuu lake mwenyewe. Majirani wanaopita njiani wanasimama kumtazama. Hawajapata kuliona jambo hilo.

Nyuma yake, ndani ya shimo la tanuu, jirani yake, Machano, amepiga magoti anapanga vifuu vya nazi. Anavipachika kimoja ndani ya kingine kama vikombe vya kahawa, safu mbili ndefu. Juu ya shimo pana chanja ya miti, na juu ya chanja zimelazwa nazi zilizopasuliwa, zinangoja kukaushwa ziwe mbata.

"Umevibana mno," anasema Bi Kazija bila kugeuka.

"Umejuaje, nawe umenipa kisogo?"

"Nnasikia. Vifuu vilivyobanwa havigongani."

Machano anavilegeza. Kisha anampigia kelele mgeni aliyekuja kuandika habari za tanuu, makusudi asikiwe na mwenye tanuu: "Bibi huyu hata akizikwa atauliza moto umewaka vipi."

"Nitauliza, maana nakujua."

Huu ni mtihani, na wote wawili wanajua. Mwatum, binti wa pekee wa Bi Kazija, amepata nyumba ghorofa ya tatu kule mjini, Michenzani. Ana watoto wawili na kazi ya kupiga chapa ofisini, na anamtaka mama yake aende akakae naye. Bi Kazija amekubali kwa sharti moja. Mzigo mmoja wa mbata utoke mweupe bila mkono wake. Usipotoka, haendi.

Kaya kumi na moja za jirani zinategemea tanuu hili. Nyingi zilipata eka tatu tatu baada ya Mapinduzi, na minazi haijui kungoja kiangazi. Masika kama haya, nazi ikianikwa juani inaota ukungu kabla ya kukauka, na kituo cha kununulia hakiichukui. Tanuu likizimika, jasho la watu linaoza uani.

Moto wenyewe haukati mti hata mmoja. Mbata ikishakauka hubanduliwa, na kifuu kinachobaki huwekwa kikawa kuni za mzigo unaofuata. Makumbi ya nazi hayaingii shimoni kwa sababu yana moshi mweusi. Hayo hupewa wasuka kamba.

"Nazi inajikausha yenyewe," anasema Bi Kazija. "Mie kazi yangu kuisimamia isijiunguze."

Kazi hiyo alifunzwa na mumewe, marehemu Mkubwa, aliyekuwa akilichoma tanuu hili zamani, shamba likiwa la mtu mwingine. Mwenye shamba hakuwahi kujua moto unavyopangwa, na Bi Kazija anasema hakuwa na haja ya kujua, kwani pua yake haikupata kufika shimoni.

"Mkubwa alikuwa hasemi," anakumbuka. "Ukikosea anakohoa. Ukikosea sana anaondoka, anakwenda kukaa chini ya mkarafuu mpaka utengeneze. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, mume wangu nlimwona mkarafuuni zaidi kuliko nyumbani."

Anacheka hadi machozi yanamtoka, kisha anayafuta kwa upindo wa kanga na kusema ni moshi. Moto haujawashwa bado.

Lakini macho yake kweli yamechoka, na kifua kinamsumbua usiku. Ndiyo maana Mwatum hachoki kuja.

"Namwambia, mama, ghorofani unabonyeza tu taa inawaka," anasema binti huyo. "Ananijibu, kisha nifanye nini?"

Kumpata wa kurithi moto ilikuwa shida. Vijana hawautaki, na anayeutaka ni Machano, mtu aliyekwisha kuuharibu mara moja. Kisa hicho Kidichi hakijasahauliwa.

Ilikuwa vuli ya mwaka 1968. Bi Kazija alikwenda mjini Mwatum alipojifungua mtoto wa kwanza, akamwachia Machano tanuu. Mvua ikapiga siku nzima na vifuu vikarowa. Machano aliona moto unakufa na nazi za watu ziko juu ya chanja. Uvunguni mwa kitanda chake alikuwa na pakacha la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, makavu, ameyaweka kwenda kuyauza. Akayamwaga shimoni.

"Nlitoa mali yangu," anajitetea Machano mpaka leo. "Yaliwaka vizuri. Nikasema, kitu chenye bei hakiwezi kuharibu kitu."

Mbata zilikauka barabara. Zilipofika kituoni, karani akavunja moja, akainusa, akainusa tena.

"Bwana, umeniletea mbata au pilau?"

Mzigo mzima ukarudishwa. Bi Kazija aliporejea alikuta magunia yamepangwa mlangoni kwake, na Machano amejifungia ndani kwa homa ambayo hakuna aliyeiona. Hakumgombeza. Alikohoa tu, kama Mkubwa.

Kisha akayapakia magunia kwenye gari la ng'ombe na kuyapeleka mjini Ng'ambo, kwenye kinu cha ngamia cha mzee mmoja aliyekuwa bado anakamua mafuta kwa njia ya zamani. Mafuta yakatoka na harufu ya karafuu ndani yake, nyepesi, kama nguo iliyofukizwa juzi. Mama mmoja akachovya kidole, akajipaka nyuma ya sikio, akaita wenziwe. Mwezi ule maharusi wa Ng'ambo walinukia tanuu la Kidichi, na kila kaya ikapata haki yake.

"Lakini hakurudia," anasema Machano. "Nlimwambia, Bi Kazija, tuyatie tena makonyo, tutatajirika. Akasema kosa ni kosa hata likinukia."

Siku ya kufungua tanuu, nusu ya kijiji imekuja, kila mmoja na kisingizio chake. Machano amevaa kanzu ya Ijumaa na leo ni Jumanne.

Bi Kazija anaokota mbata moja katikati ya chanja, pale joto linapokuwa kali, na anaivunja. Nyeupe. Anaichukua ya pembeni, ambako moshi hujificha. Nyeupe. Anaifikisha puani na kufumba macho, anakaa hivyo mpaka watu wanaanza kutazamana.

"Haina harufu," anasema.

"Basi nimefaulu?"

"Umefaulu."

Hakuna anayeshangilia. Machano mwenyewe, aliyekuwa na maneno tangu asubuhi, anaivua kofia yake na kuivaa tena. Mwatum anatazama chini. Bi Kazija anazunguka tanuu taratibu, anagusa nguzo za chanja moja moja, na akifika kwenye rundo la vifuu vipya anainama kukipanga kimoja kilichokaa upande.

Mpango wake ni kuhamia Michenzani wiki ijayo, kabla Mwatum hajabadili mawazo, kama anavyosema. Atalea wajukuu. Kila vuli na kila masika atapanda gari la shamba aje kutazama moto, na Machano ameshaambiwa hatapelekewa habari kabla.

"Na kuna kitu kingine," anamwambia Machano. "Mzigo ujao, ukimaliza wa watu, zichome nazi zangu peke yake. Uzitie makonyo."

Machano anamtazama. "Miaka minne umenisimanga kwa hayo makonyo."

"Nakusimanga bado. Lakini kule ghorofani hakuna moshi. Nnataka mafuta yangu ya kichwa."

Machano anaingia nyumbani kwake, anasikika akivuta kitu uvunguni. Anatoka na pakacha kifuani, limejaa makonyo mpaka ukingoni, yaliyobaki msimu uliopita.

"Machache," anasema Bi Kazija. "Machache tu, Machano."