Redio ya Mjomba

Leo nimepita kwa fundi pikipiki, harufu ya grisi ikanikumbusha mjomba, yule mpumbavu. Alikuwa ametoka machimboni na hela ya dhahabu, akaijaza pikipiki yake taa za rangi na redio kubwa. Lakini kila akivuka shimo, usukani uligonga ko, ko, ko. Gololi za usukani zilikuwa zimelika kwa kukosa grisi. Hata mimi, mtoto, nililitikisa tairi la mbele nikaona linavyocheza.

Siku moja alikuja kutupeleka zahanati, maana mdogo wangu alikuwa anachemka kwa homa. Mama akamuuliza, "Kaka, huo mlio ni wa nini?"

"Mlio gani, dada?" Akaongeza sauti ya redio. "Haya, bado unausikia?"

Akacheka peke yake. Mama alimkaza mtoto mgongoni kwa kanga, akanishika mkono, tukaanza kutembea juani. Mjomba akatufuata polepole na muziki wake, akibembeleza, "Dada, panda bwana! Watu wananiangalia!"

Mtoto anaungua mgongoni kwa mama yake, yeye anaogopa macho ya watu.