Bendi Iliyokuwa na Pengo Kila Jumapili

Niliondoka Morogoro na basi la alfajiri, nikalala Dar kwa shangazi, nikapanda ndege, nikasinzia kutwa nzima kwenye benchi la uwanja ambao hata mji wake sikuuona, nikapanda ndege nyingine. Tumba langu, ngoma ndefu ya kupigwa kwa viganja, nilikuwa nimelifunga kwa kitenge cha mama, na kila nilipofika waliniamuru nilifungue. Afisa wa mwisho, Toronto, aliligonga kwa kidole kimoja akauliza kama ni la kuuza. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba ni la kazi. Hakuniamini. Kazi niliyoipata ilikuwa kupanga mizigo ghalani Malton, na tumba likakaa juu ya kabati.

Nilikuwa nimeshahama miji mingi kabla ya hapo. Sikai mahali. Toronto nilikaa kwa sababu ya ukumbi uliokuwa chini ya kanisa moja North York, ambako Jumapili alasiri, ibada ikiisha na viti vikikunjwa, bendi ilipiga dansi.

Ukumbi ulijaa mpaka vioo vikatoa jasho wakati nje kuna theluji. Manesi walikuja na sare zao za kazini, viatu vya kuchezea mfukoni. Watoto ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, lakini gitaa la solo likipanda na wimbo ukiingia chemko, ile sehemu ya kasi, walikata viuno kama waliozaliwa Ilala.

Tulikuwa watano. Dada mwimbaji alikuwa nesi. Mpiga solo, kijana wa Kisumu, alipanga mizigo ghala moja na mimi. Mpiga besi, Mkongo, aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo Downsview. Mpiga saksafoni alikuwa mzee wa Kigoa aliyekulia Mombasa, mstaafu, na ndiye pekee aliyepatikana kila Jumapili. Sisi wengine tulitawaliwa na zamu. Kila wiki mmoja alikosekana, mara nyingine wawili, kwa hiyo kila mmoja alijifunza kuziba. Besi asipokuja, mpiga solo alishuka kwenye nyuzi nene. Dada asipokuja, Mzee aliimba mistari yake kwa saksafoni. Wakikosekana wawili, nilipiga tumba kwa fujo ili watu wasigundue.

Miaka ilipita na sikuwahi kuisikia bendi yangu ikiwa kamili. Kisha Mkongo akatuambia ghala lao linahamia mkoa mwingine, naye anahama nalo theluji ikiyeyuka.

"Basi tutapiga wote watano kabla hujaenda," nikasema.

Mpiga solo akacheka. "Buda, utaongea na nani? Na zamu?"

"Nitaongea na kila mtu."

Nilimaanisha. Nilishika zamu za sikukuu za wenzangu ghalani ili kijana wa Kisumu aachiwe Jumapili moja. Nilimpikia nesi mwenzake dada sufuria ya pilau ili wabadilishane siku. Aliikubali, akasema chumvi imezidi, akataka nyingine. Nikapika nyingine. Mkongo nilimfuata mwenyewe kwa basi, nikamsubiri mlangoni pa ghala mpaka alipotoka, asije akabaki kwa saa za ziada.

Jumapili hiyo tukasimama jukwaani wote. Nikahesabu kuingia.

Ilikuwa vurugu tupu. Mpiga solo alikuwa chini anapiga besi juu ya besi ya Mkongo. Mkongo, aliyezoea kusaidia gitaa, alikuwa juu. Mzee alipuliza mistari ya dada sikioni mwake. Mimi nilikuwa napiga kama nyumba inaungua. Wachezaji walisimama katikati ya ukumbi, mikono chini.

Dada akainua kiganja. "Ngojeni! Mimi nimekuja! Mzee, nipo hapa, acha kuniimbia!"

"Pole, binti. Nimezoea hupo."

"Na wewe wa tumba, nani anakukimbiza?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikahesabu tena. Safari hii kila mtu alishika chake tu, na iliniwia vigumu kuliko kupiga vyote. Mikono iliniwasha kuongeza. Nikaizuia. Nikapiga mdundo mmoja, uleule, toka ubeti wa kwanza. Dada alipomaliza ubeti, Mkongo akaacha nafasi ndogo, kijana wa Kisumu akapita humo na solo yake, na manesi wakapiga kelele. Nikasikia. Bendi yangu ilikuwa hivi.

Hatukurudia tena. Mkongo alihama. Dada akapangiwa Jumapili zote. Mzee na kijana wa Kisumu waliendelea kusema tutafute wengine, na wakawapata. Mimi nilikuwa nimepata nilichokaa kukitafuta, na miguu ikaanza kuniwasha kama zamani.

Siku niliyoondoka Toronto moja kwa moja, Mzee alinipeleka kwa gari lake hadi stendi ya basi la kwenda magharibi. Tumba lilikuwa kiti cha nyuma, ndani ya kitenge kilekile.

"Sasa nani atashika nafasi yako?" akauliza.

"Msiizibe, Mzee. Iacheni wazi kidogo."

"Sawa, mwanangu. Tutaiacha."

Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Akaongeza sauti ya redio, na kabla taa haijabadilika vidole vyake vilikuwa tayari vinagonga usukani, mdundo wangu, pale pale pa kwangu.